Dhahabu Inayoogopa Chumvi

Risala ya kikundi cha Banyu Abang, yaani Maji Mekundu, cha Maabara ya Mwanga na Maji, Semarang, kwa mgeni rasmi, Bapak Gunarto Wirasmo, Mkurugenzi wa Bodi ya Vifaa vya Utafiti. Inasomwa na Mbak Kinasih.

Mgeni rasmi, Bapak Gunarto Wirasmo. Mkuu wetu wa maabara, Bu Prihatin. Majirani zetu wa pwani ya Demak mliofika na pikipiki zenye matope ya bahari kwenye matairi. Mabibi na mabwana: assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya lolote, mgeni rasmi, tunaomba radhi kwa jambo moja. Anayesoma siye aliyeandika. Risala hii tumeiandika sisi wengine wote, kwa mkono wa Mas Tejo, mwendesha leza wetu, tuliyemchagua kwa kuwa hana haya. Mbak Kinasih amekabidhiwa karatasi hizi asubuhi ya leo kwa sharti kwamba asipunguze neno, hata linalomhusu yeye, na mengi yanamhusu. Akisita mahali, mvumilie. Akiruka mstari, Mas Tejo amekaa safu ya pili na nakala yake, na atakohoa.

UKARIBISHO

Karibu Semarang, mgeni rasmi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo watu. Sisi tunaongeza tu kwamba mwenyeji angependa kujua mapema kama atapona au la. Umekuja kuamua kama leza yetu ibaki hapa au ipakiwe kwenye lori ikapelekwe maabara mpya ya milimani, penye hewa baridi na madirisha yasiyoshika kutu. Hilo tunalijua sote. Hata kina mama waliopika bandeng huko nyuma wanalijua, na ndiyo maana samaki wa leo amelainishwa mpaka miiba yake inatafunika kama maganda ya karanga. Tulitaka ule kwanza ndipo usikilize. Bu Prihatin amekataa. Amesema mtu aliyeshiba hukubali kila kitu, na yeye hataki ukubali kwa sababu ya samaki.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi chetu kilizaliwa siku leza ilipofika. Ilitoka bandarini kwa lori la mbao, imefungwa mablanketi kama mgonjwa. Bu Prihatin alitaka iwashwe siku hiyo hiyo. Mzee wa mtaa, aliyekuja kuangalia tu, akakataa katakata: chombo kipya hakianzi kazi bila wali wa tumpeng.

"Ni mashine, Pak," Bu Prihatin alimwambia. "Haili."

"Haili, lakini inatuona tunavyokula," mzee akajibu.

Basi ukapikwa wali wa manjano, ukasimamishwa kama mlima mdogo mbele ya leza, ikasomwa dua, tukala. Tangu siku hiyo inaitwa Mbah Kilat, yaani Babu Radi, na hakuna anayepita mbele yake bila kuinama kidogo. Wakaguzi wa Bodi yako waliandika kwamba ni ushirikina. Sisi tunaona ni njia nzuri ya kumfanya mtu asijikwae kwenye nyaya.

Kazi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Tunalaza kipande cha dhahabu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, chini ya bilauri ya maji safi. Maji hayo tumeyachemsha na kuukusanya mvuke wake, kwa hiyo hayana ladha yoyote. Mbah Kilat anaipiga ile dhahabu kwa mwanga, pigo juu ya pigo, ta-ta-ta, kama bisi zinavyopasuka kwenye sufuria. Kila pigo hung'oa vumbi la dhahabu jembamba mno, chembe ambazo ungezipanga maelfu kwa upana wa unywele mmoja. Wataalamu huziita nano. Maji huanza kuona haya, yanakuwa ya waridi, kisha mekundu kabisa.

Dhahabu ya mkufu ni ya manjano, hilo hakuna asiyelijua. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho na kila chembe ikiogelea peke yake, humeza mwanga wa kijani na kuachia mwekundu upite. Ndiyo maana maji yetu yanafanana na juisi ya rosela, na ndiyo maana mgeni mmoja wa miaka ya mwanzo alitaka kuyanywa. Chembe zikishikana, rangi hugeuka. Huja zambarau, huja buluu, huja kijivu, na mwisho dhahabu yote inazama chini kama mashapo ya kahawa. Hapo hairudi tena.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hatutaki kujisifu. Lakini aisifuye mvua imemnyea, na sisi imetulowesha hasa.

Tumejifunza kuzitengeneza chembe za dhahabu, za fedha na za shaba, kila moja na rangi yake. Fedha hutoa manjano ya chai nyepesi. Shaba hutusumbua, na hatutaiongelea leo. Mashine yetu ya kupima mwanga huchora mstari wenye nundu moja. Nundu ikisimama nyembamba mahali pake, chembe ni ndogo na zimetawanyika vizuri. Nundu ikinenepa na kuhamia kulia, zimeanza kushikana. Mas Tejo anaweza kuitazama bilauri kwa jicho tu na kukuambia nundu itasimama wapi, na hukosea kidogo kuliko anavyokosea mambo mengine. Hata nje ya kazi, mtu akija na uso uliokunjamana hatumuulizi amekwaruzana na nani nyumbani. Tunamuuliza, "Nundu imehama?"

La kujivunia zaidi ni kwamba hatutii dawa. Kwingine wengi huzivika chembe zao dawa, kama koti, ili zisikaribiane wala zisishikane, na maji yao hukaa mekundu hata mwaka mzima. Bu Prihatin hakutaka. Alisema dhahabu yake ina maji na mwanga, basi. Kwa hiyo chembe zetu ziko uchi, na kitu kidogo tu huzishtua. Kwa miaka mingi tulidhani huo ndio udhaifu wetu. Wakaguzi wako nao walidhani hivyo, na hapo ndipo penye mambo.

JAMBO LA CHUMVI

Umeshasoma taarifa ya ukaguzi, mgeni rasmi. Imeandikwa kwamba mbele ya wakaguzi watatu dhahabu ya maabara hii iligeuka maji ya kufulia, na kwamba chanzo ni chumvi, "kama inavyotarajiwa katika mazingira ya pwani". Hatupingi, chumvi ilikuwamo. Tunaomba tu kukueleza iliingiaje, kwa sababu taarifa inailaumu bahari, na safari hii bahari haikuwa na kosa.

Mbak Kinasih alizaliwa kule pwani ambako sasa maji ya bahari hupanda kijijini mchana kweupe, yakaingia majumbani bila hodi. Mama yake, Mak Sarpinah, ameinua sakafu ya nyumba yake kwa udongo mara nyingi sana, kila bahari ilipopanda. Mlango haukuinuliwa. Leo mtu mzima akiingia kwake anainama mpaka kifua kinagusa magoti, na Mak mwenyewe husema ni vizuri, wageni wanajifunza adabu.

Huyo Mak Sarpinah zahanati ilimwambia presha yake imepanda, aache chumvi. Akaacha. Samaki mkavu akamhama, mboga akazila chapwa kama za hospitali, na mtungi wa chumvi, uliokuwa umejaa, ukabaki umekaa tu jikoni bila kazi. Presha haikushuka. Akaongezewa vidonge. Presha haikushuka.

Asubuhi ya ukaguzi Mak alikuja na chakula cha wageni. Pamoja na chakula alikuja na ule mtungi, kwa sababu kwetu Java chumvi hailiwi tu. Humwagwa kwenye pembe za nyumba ili mabaya yasiingie. Sisi tulikuwa nje tukipanga viti. Yeye akazunguka chumba cha Mbah Kilat, pembe kwa pembe, taratibu, na dua zake. Kisha akaliona pipa la maji safi, tuliyoyavuna kwa mvuke tangu Jumatatu. Akalifunua. Akatia ukufi.

Saa ya maonyesho Bu Prihatin aliinua chupa ya dhahabu nyekundu ili wakaguzi waone inavyopitisha mwanga. Kwa kuwa ilikuwa imekolea mno, akachota maji ya pipa aizimue. Maji yalipoingia, wekundu ukageuka, yote yakawa zambarau. Kufumba na kufumbua yakawa buluu. Yakawa kijivu, na vumbi likaanza kushuka chini ya chupa tukiliangalia.

"Bu," mkaguzi mkubwa akauliza, "ndiyo dhahabu hii?"

"Ilikuwa," alisema Bu Prihatin.

Mak Sarpinah alikuwa mlangoni na sinia la lumpia, vile vitafunio vya kukunja. Akaona nyuso zetu. Watu wa pwani si watu wa kuzungushazungusha maneno, akasema, "Ni mimi. Nimetia chumvi."

"Chumvi ya nini, Mak?" Kinasih alimuuliza.

"Ya kuwakinga na mabaya."

"Mabaya gani leo? Wamekuja wakaguzi tu."

"Si ndio hao," akasema Mak.

Mas Tejo alicheka. Alicheka peke yake, na tunakiri kwamba haikusaidia.

Wakaguzi waliondoka bila kula. Kinasih hakuonekana mpaka jioni, tukamkuta nyuma ya jengo ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akilia kwa aibu. Alikuwa ameshaamua kuacha kazi. Alisema hawezi kukaa chumba kimoja na Mbah Kilat akijua nani amempakiza kwenye lori. Tunajua kwamba hapa ndipo alipotaka kuruka. Kama ameruka, umeshasikia kikohozi.

Bu Prihatin hakumbembeleza. Alimwambia, "Utaacha kazi ukishanieleza kwa nini nundu imehama haraka hivyo kwa ukufi mmoja kwenye pipa zima. Kabla ya hapo hakuna anayeacha kazi." Akaenda zake. Kinasih akafuta uso, na kwa hasira akarudi ndani.

KISIMA CHA MAK SARPINAH

Kilichofuata tulikiona kwa macho yetu, kwa sababu Kinasih alituomba twende naye nyumbani kumpoza mama yake. Mak alikuwa amesusa. Hakutaka hata kulitamka neno maabara. Alituwekea chai, na Kinasih alipoonja akaishusha bilauri.

"Mak, umetia chumvi kwenye chai?"

"Mimi nimekatazwa chumvi, Nduk. Hata ndotoni siili."

"Mbona maji yana ladha?"

"Maji ya hapa ndivyo yalivyo. Ni ladha ya nyumbani. Wewe umezoea maji ya mjini, huku umekuwa mgeni."

Sisi nasi tukaonja. Wengine tulisikia kitu, wengine hatukusikia. Chumvi iliyoingia kisimani kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, haimgutui aliyekua nayo. Kinasih alikuwa na kijiti cha umeme kinachopima chumvi, na tunakitaja tusije tukaulizwa mbona hatutumii vifaa vya dukani. Tunavyo. Alikichovya, kikaandika tarakimu zake. Mak akavaa miwani, akazisoma, akavua miwani.

"Hiyo simu yako imeharibika," akasema.

Kinasih akatoa mkobani kichupa cha dhahabu nyekundu, kilichobaki cha siku ya ukaguzi, akaigawa kwenye vikombe viwili. Akachukua maji ya mvua yaliyokingwa kwenye gudulia la jirani, akayatia kwenye kikombe cha kwanza. Wekundu ukabaki wekundu. Akachukua maji ya kisima cha mama yake, akayatia kwenye kikombe cha pili. Mak aliinamia meza kuangalia, kama mtu anayechunguza kama mchele una mawe.

Zambarau. Buluu.

Mak Sarpinah ndiye aliyemwaga chumvi maabara, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumweleza rangi ile ina maana gani. Alikaa chini. Alisukuma bilauri yake ya chai pembeni kwa kidole kimoja.

"Kumbe nimeikataa kwenye sahani nikawa nainywa kwa kikombe," akasema.

Kinasih alimshika mkono. Tulisikitika sote, tunasema wazi, na Mas Tejo, ambaye amekusudia kuufuta mstari huu, alitoka nje akajifanya anatafuta viatu vyake.

Tangu siku hiyo Mak hunywa maji ya mvua. Presha yake imeanza kusikia vidonge. Jirani mmoja aliona, akaja na chupa ya maji yake. Akaja wa pili. Kufikia msimu wa mvua pikipiki zilikuwa zikipanga foleni mbele ya maabara, kila moja na chupa ya maji imefungwa kwa mpira, na Mak Sarpinah ndiye anayewapanga. Anawaambia waliokawia, "Wewe kaa nyuma, kisima chako hakikimbii." Waliokuta buluu hawabishani na rangi, na tayari mitaa mitatu imejichangia magudulia ya kukinga maji ya mvua kwa ajili ya kina mama wajawazito. Mgeni rasmi, hilo halimo kwenye taarifa ya ukaguzi, kwa kuwa lilitokea kwa sababu ya ukaguzi.

CHANGAMOTO

Ya kwanza, hata kisima kizuri kina madini yake, na dhahabu yetu haijui kama iliyoishtua ni bahari au ni chokaa. Tumejifunza kuyazimua maji kwanza kwa kipimo kimoja, na buluu yoyote tunaithibitisha tena kwa njia nyingine kabla ya kumtia mtu hofu. Tunalisema hili wenyewe kwa sababu wataalamu wa milimani watalisema.

Ya pili, chembe za uchi hazisafiri. Ukizipakia kwenye lori na kuzishusha kutoka milimani, zitafika zimezeeka, nyingine zimeshaanza kushikana njiani. Ukizivika koti ili zistahimili safari, zitafika nyekundu na kubaki nyekundu hata ukizitia kwenye maji ya bahari yenyewe. Tumejaribu. Ni nzuri sana kuziangalia, na hazikuambii kitu. Dhahabu inayoweza kusema lazima ipigwe karibu na kisima chenyewe, iondoke ikiwa bado ina moto wa Mbah Kilat.

Ya tatu, madirisha yetu yanashika kutu. Ni kweli. Kiyoyozi hunguruma kuliko leza. Hewa ni ya chumvi, na kila chombo tunakiosha mara mbili zaidi ya wenzetu. Wakaguzi waliandika kwamba mahali pa namna hii hapafai kwa kazi inayoogopa chumvi. Sisi tunauliza kwa adabu: kazi inayoogopa chumvi ikakae wapi, kama si pale ambapo chumvi inaingia kwenye vikombe vya watu?

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi. Kiyoyozi, madirisha ya alumini, mtambo mpya wa kuvunia mvuke. Bu Prihatin aliyapitia yote kwa kalamu nyekundu akayafuta. Alisema mtu anayeomba viatu siku ya kukatwa mguu hajielewi. Limebaki moja, na si la maneno tu.

Mgeni rasmi, mbele yako mezani kuna bilauri mbili za dhahabu nyekundu. Mas Tejo ameipiga asubuhi hii, ukiwa bado njiani, na pipa la maji tangu jana limefungwa kufuli, ufunguo anao Bu Prihatin, na Mak Sarpinah amekaa mbali nalo kwa hiari yake. Kando ya bilauri hizo kuna chupa mbili. Ya kwanza ni maji ya mvua. Ya pili ni maji ya kisima, na kando yake kuna kijikombe cha kuyazimulia kwanza kwa kile kipimo chetu cha siku zote.

Kisima hicho kiko Karanggenuk, nyuma ya langgar, ule msikiti mdogo wenye paa la bati, penye mti wa jambu uliokufa umesimama. Tunadhani unakijua. Tuliambiwa na watu wa kule kwamba ulichotewa maji yake ya kuogeshwa ulipozaliwa, na kwamba mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiyatembeza kwa majirani waliokaushiwa visima vyao na kiangazi, kwa kuwa yalikuwa matamu kuliko yote pwani ile. Kinasih na mama yake ndio waliokwenda kuyachota, wiki iliyopita. Barabara haipo tena, walikwenda kwa mtumbwi wa wafuga samaki.

Walimkuta bibi mmoja, Lik Paikem, anayekaa karibu na nyumba yenu ya zamani. Bado anachota pale, na mkwewe mjamzito anachota pale, na watoto wa madrasa wanatawadhia na kunywa pale. Miguu ya yule mkwe imevimba. Kinasih aliiona. Lik Paikem aliwajazia chupa mwenyewe, akaipangusa kwa kitenge chake, akauliza yanakwenda wapi. Walipomwambia ni kwako, alifurahi kama msichana.

"Gunarto?" akasema. "Yule wa kuanguka anguka? Mwambieni maji yetu bado matamu."

Mgeni rasmi, chupa hiyo hatujaijaribu. Tungeweza. Mas Tejo alitaka, Kinasih alitaka zaidi, na Bu Prihatin amelala na chupa hiyo nyumbani kwake ili asiijaribu mtu. Hatukutaka kuja hapa tukijua jibu ambalo wewe hulijui. Tunajua tunachokitarajia. Tungefurahi mno kukosea.

Tunaomba uimimine mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya watu hawa.

Ikibaki nyekundu, lori lipo nje, na sisi wenyewe tutakusaidia kumfunga Mbah Kilat mablanketi. Utakula bandeng yako, utakwenda kwa heri, na Lik Paikem atakuwa mwanamke mwenye bahati. Ikigeuka, hatutaomba tena. Tutakaa kimya, na wewe ndiye utakayetuambia leza hii ikae wapi, na ni nani atakayekwenda Karanggenuk kumpelekea jibu Lik Paikem.

HITIMISHO

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kuvumilia unachokiona. Aifanye safari yako ya kurudi iwe kavu. Awape watu wa pwani maji ya kunywa kabla ya kuwapa kitu kingine chochote, na awasamehe wanaomwaga chumvi kwa upendo.

Mbak Kinasih, sasa umemaliza kusoma. Weka karatasi chini, umfungulie mgeni chupa ya pili. Kifuniko chake kimekazwa, Lik Paikem alikikaza kwa nguvu zake zote lisimwagike hata tone.

Ni sisi,
Kikundi cha Banyu Abang,
Maabara ya Mwanga na Maji, Semarang.